Mama mkwe anamlisha mwanangu uji, na siri yangu siwezi kumwambia

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Tanga na mume wangu. Nimejifungua mtoto wa kike, sasa ana wiki 7, ndiye wa kwanza. Ninaishi na VVU. Nilijijua kabla ya kuolewa na mume wangu anajua, yeye hana. Dawa nameza kila siku, na kipimo cha mwisho walisema virusi havionekani. Kliniki wameniambia nimpe mtoto maziwa yangu tu mpaka atimize miezi 6.*

*Mama mkwe alikuja kutoka Muheza kunitunza uzazini. Ni mtu mwema, lakini haamini kama maziwa yananitosha. Mtoto akilia jioni anasema ana njaa, maziwa yangu mepesi kama maji. Juzi nimetoka kuoga nikamkuta anamlisha uji wa mchele kwa kijiko, na nadhani haikuwa mara ya kwanza. Nilipomkataza akaniuliza, "Mama gani anamnyima mwanawe hata maji?" Tangu hapo ananitazama kwa jicho la kunichunguza. Hali yangu haijui na sitaki aijue. Nina hofu, mpaka nimefikiria nimwachishe mtoto kabisa. Nifanye nini?*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Naanza na hilo ulilolitaja mwishoni, kwa sababu limenitia hofu kuliko uji wenyewe. Usimwachishe. Wala usimpunguzie. Mrudishe leo hii kwenye maziwa yako peke yake, usiku na mchana, na kesho nenda kliniki ukamweleze muuguzi wako yote: mtoto alilishwa uji, hukuridhia, na unadhani ni mara kadhaa. Mwambie bila aibu. Anahitaji kujua ili amfuatilie mtoto ipasavyo.

Vijiko hivyo havimaanishi kwamba mtoto ameshaambukizwa. Kinga yenu kubwa ni dawa unayoimeza. Ulifanyika utafiti mkubwa katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, pamoja na India. Walishiriki kina mama zaidi ya 2,400 wenye VVU waliokuwa wakinyonyesha, ama mama mwenyewe akitumia dawa, ama mtoto akipewa dawa ya kinga. Hadi watoto kufikisha miezi 12, walioambukizwa hawakufika hata 1 kati ya 100. Na wewe kipimo chako kinasema virusi havionekani. Shikilia hapo. Dozi usiiruke hata siku moja, hata siku ambayo nyumba imejaa wageni na huoni pa kujificha kumeza.

Kwa nini basi kliniki wakasisitiza maziwa pekee? Utumbo wa mtoto wa wiki 7 bado ni mwororo. Maziwa ya mama yanaulinda ukuta wake. Uji, maji, maziwa ya ng'ombe au dawa ya chango huweza kuuchubua na kuingiza vijidudu vya kuhara, na wataalamu wanaeleza kwamba penye michubuko na uvimbe ndipo virusi hupata njia. Mwaka 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, wakiongozwa na Anna Coutsoudis, walionyesha kwamba watoto wa mama wenye VVU walionyonya huku wakichanganyiwa vitu vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya tu. Wakati huo kina mama wale hawakuwa na dawa hizi unazotumia wewe, kwa hiyo usizichukue hesabu zao ukajitishia nazo. Ila somo la kutochanganya limebaki.

Na hilo wazo la kumwachisha na kumpa maziwa ya kopo, kuna nchi ilishapita njia hiyo. Botswana serikali ilikuwa ikiwapa kina mama wenye VVU maziwa ya kopo bure. Mwanzoni mwa mwaka 2006 zikaja mvua kubwa, maji yakachafuka, kuhara kukaingia, na watoto wengi wakafa. Wengi wa waliougua ni wale ambao hawakuwa wakinyonya. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kunyonyesha mama au mtoto akiwa kwenye dawa, na mwaka 2016 likasema mama aliye kwenye dawa anaweza kuendelea hadi miezi 24 au zaidi. Kwa hiyo ukimsikia jirani anasema mwenye VVU hanyonyeshi, ujue ameshika maneno ya zamani.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Nimefurahi kwamba katika barua yako hukumtukana, kwa sababu mama huyu ameacha shamba na nyumba yake Muheza akaja kukukanda na kukupikia. Uji anaompa mtoto anaupika kwa mapenzi. Kizazi chake kililea hivyo, na kila mmoja atakutajia watoto waliolishwa uji wakiwa na siku 40 wakakua. Hao tunawaona. Waliokufa kwa kuhara hawapo wa kutoa ushahidi.

Anachokosea ni kukisoma kile kilio. Watoto wengi hulia kupita kiasi jioni, na kilio hicho huwa kikali zaidi kwenye wiki ya 6 hivi, kisha hupungua taratibu hadi miezi 3 au 4. Si lazima iwe njaa, na si lazima liwe chango. Umri huohuo mtoto hukua kwa kasi, akataka kunyonya kila mara kama vile ziwa limekauka. Halijakauka. Anavyolivuta mara nyingi ndivyo anavyoliagiza litengeneze zaidi. Mkimpa uji akashiba, akalala bila kunyonya, ziwa linapunguza, na baada ya wiki mbili mama mkwe atasema, "Si nilikwambia maziwa hayatoshi?" Naye atakuwa anasema kweli, ila uji ndio uliofanya iwe kweli.

Kuhusu wepesi: maziwa yanayotoka mwanzo wa kunyonya huwa mepesi, na mafuta huongezeka kadiri ziwa linavyopungua. Mwache amalize ziwa moja ndipo umhamishie la pili. Karibu sehemu 9 kati ya 10 za maziwa hayo ni maji, ndiyo maana hata joto la Tanga halimdai mtoto kikombe cha maji. Uji mwepesi wa mchele nao ni maji mengi na wanga kidogo. Unajaza tumbo na kumnyima nafasi ya chakula chenye nguvu. Ukitaka kujua kama anashiba, hesabu mikojo: 6 au zaidi kwa siku, isiyo ya njano kali. Halafu mstari wa uzito kwenye kadi uwe unapanda. Huo mwonyeshe bibi kwa macho yake.

Hapa ndipo pana msaada wako, na sidhani kama umeuona. Agizo ulilopewa si la wenye VVU peke yao. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ni agizo la kila mama anayeingia kliniki, mwenye virusi na asiye navyo, wa Tanga na wa Bukoba. Kwa hiyo ukisema, "Mama, kliniki wamekataza kumpa chochote mpaka miezi 6," hujafichua kitu na hujasema uongo. Siku ya kupima uzito nenda naye. Kabla ya hapo mnong'oneze muuguzi kwamba bibi hajui hali yako, na umwombe aieleze habari ya maziwa pekee kwa kina mama wote walioketi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtoa huduma atunze siri ya majibu yako. Bibi akilisikia neno hilo likiambiwa mabinti 30 kwa pamoja, lile jicho la kukuchunguza litapoa. Kadi ya mtoto tu uishike wewe mwenyewe, bibi asione zaidi ya ule mstari wa uzito.

Akiuliza kuhusu chupa ya Septrin, ile dawa wanayopewa watoto wa mama wenye VVU kuwakinga na magonjwa, mjibu kwamba ni dawa ya kinga waliyompa kliniki. Ndivyo ilivyo. Dawa alizoandikiwa mtoto hazivunji utaratibu wa maziwa pekee, usiogope kumpa.

Lakini mzigo huu usiubebe peke yako wakati mwenye mama yake yupo. Mume wako ndiye wa kusema. Mkwe akimkataza mama mkwe ni ugomvi. Mtoto akimwomba mama yake ni mazungumzo. Aketi naye jioni, wewe ukiwa chumbani, amwambie: "Mama, nashukuru unavyotulelea. Ila hili la chakula cha mtoto tumeamua mimi na mwenzangu kufuata ya kliniki. Nakuomba usimpe chochote, hata maji, bila kuniuliza mimi." Aseme *mimi*, ili lawama isikuangukie wewe. Na kama yeye bado anaona aibu kumkabili mama yake, mkumbushe kwamba alikuoa akijua, na kukusimamia ndiko huku.

Msimwache bibi mikono mitupu. Amwogeshe mtoto, ambebe jioni akilia, amwimbie, ampigepige mgongoni acheue. Uji wa pilipili manga aupike, unywe wewe. Na mwambieni mapema kwamba mjukuu akitimiza miezi 6 ataanza kula, na yeye ndiye atakayepika, huku kunyonya kukiendelea.

Siri yako ni yako. Hudaiwi na mama mkwe, wala hufanyi dhambi kuitunza. Ikitokea siku moja ukaona moyo wake unabeba, utamwambia kwa hiari yako, ukiwa na mumeo pembeni. Usiitoe leo kwa sababu tu umebanwa kwa kijiko cha uji.

Angalia na matiti. Chuchu zikipasuka au kutoa damu, au ziwa likivimba na kuuma, usisubiri: nenda kliniki siku hiyohiyo. Kwa wakati huo nyonyesha upande usioumwa, ule unaoumwa ukamue na kumwaga ili maziwa yasikatike. Mara nyingi chuchu hupasuka kwa sababu mtoto anashika ncha tu. Aingize na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Ukiona utando mweupe au vidonda mdomoni mwake, navyo vinatibiwa mapema.

Barua yako haikusema lolote kuhusu kile kipimo cha wiki 6, tone la damu la kisiginoni. Kama hakijachukuliwa, kichukuliwe kesho. Kama kimechukuliwa, ulizia majibu. Yakiwa safi, endelea hivyohivyo, ila atapimwa tena akiwa na miezi 9 na miezi 18, na pia baada ya kuacha ziwa. Yakija vingine, mtoto ataanzishiwa dawa mara moja, na ziwa lako litabaki kuwa chakula chake bora, kwa miaka 2 na zaidi.