Barua kwa mwanangu: Sauti iliyofanana na ya Eli

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi nikiwa na miwani, maana nilidhani nimeruka neno. Sikuruka. Umeniuliza: "Mama, mtu anajuaje kwamba Mungu ndiye anayemwita, na si kwamba amechoka tu na kazi yake?" Halafu, kama mgeni anayetaja shida yake akiwa tayari mlangoni, ukaongeza kwamba paroko amekuomba uache ofisi kwa miaka miwili ukaangalie huduma ya wagonjwa, na kwamba anangoja jibu.

Ningekupigia simu, ila kwenye simu ningekujibu haraka, na jibu langu la haraka nalijua: baki hapo ulipo. Hapa kwenye karatasi nimeliandika mara mbili nikalifuta.

Kisa cha Samweli katika Biblia unakijua tangu utoto. Tatizo ni kwamba tunakimbilia ule mstari mtamu, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia," tukaacha yaliyoutangulia. Huyu kijana alilala hekaluni, palipokuwa na sanduku la Mungu. Kutumika humo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku. Na bado alipoitwa alikurupuka mara tatu, mara zote akaenda kwa kuhani Eli: "Mimi hapa, kwa maana umeniita." Sauti ya Mungu ilimfikia kama sauti ya mzee aliyezoea kumtuma. Kwa hiyo usikae ukingoja sauti ngeni. Hii ya paroko inaweza kuwa ndiyo. Inaweza pia isiwe, maana paroko naye ana pengo anataka kuliziba, na wewe ni mtu asiyejua kukataa. Inawezekana hata yote mawili yakawa kweli kwa pamoja, na hilo ndilo linalosumbua.

Kuna jambo jingine katika kisa hicho ambalo limeninyima usingizi. Aliyetambua kwamba ni Mungu anaita hakuwa Samweli. Ni Eli, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Ndiye aliyemfundisha kijana cha kujibu. Na neno lilipokuja, lilikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli huyo huyo! Alimsaidia mtoto kusikia habari ambayo ingemwumiza yeye mwenyewe. Sisi wazazi tunapenda sana watoto wetu waitwe na Mungu, mradi wito usipite kwenye mipango yetu. Nakuambia haya ili ukiona mahali fulani katika barua hii nakuvuta nyuma, ujue ni nani anavuta.

Unajua niliwahi kuwa mnovisi, yaani msichana anayelelewa kabla ya kuweka nadhiri za utawa. Nilivyotoka sijawahi kukusimulia. Ilikuwa sakristia, chumba cha kuandalia Misa, mchana, nakunja korporale, kitambaa kinachotandikwa altareni. Kile kitambaa hukunjwa kwa ndani, sehemu tatu upande huu na sehemu tatu upande ule, hadi ukikikunjua unaona miraba tisa, ili kama kuna chembe ya Hostia, mkate wa Misa, isidondoke. Mlezi wetu akaja, akachukua kimoja, akaanza kukunja nami. Bila kuinua macho akaniambia kwamba wamesali na kutafakari kwa muda mrefu, na hawaoni kuwa utawa ndiyo njia yangu. Kisha akanisogezea kitambaa kilichofuata. Nikakikunja. Nilikikunja vibaya, akakikunjua, akakirudia yeye.

Nilikaa miaka na uchungu ule. Kukataliwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni hesabu iliyokataa kutoka: kama Mungu aliniita, mbona mlango umefungwa? Na kama hakuniita, basi nilijiita mwenyewe nikamsingizia Yeye. Nilipokutana na baba yako bado nilikuwa naogopa kutamka neno "wito".

Aliyenitoa hapo ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, na si kwa sehemu ya maisha yake inayohubiriwa zaidi. Ile ya kwanza umeisikia: mwaka 1521 tufe la mzinga lilimvunja mguu kule Pamplona, akalazwa muda mrefu, na kwa kukosa hadithi za mashujaa alizozipenda, akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na cha maisha ya watakatifu. Akagundua kwamba alipoota sifa za vita na yule mwanamke wa cheo cha juu ambaye yeye alimtamani, alifurahi, lakini baadaye alibaki mkavu. Alipowaza kuishi kama watakatifu, furaha ilibaki hata wazo lilipokwisha kupita. Hapo ndipo alipojifunza kusikiliza kinachobaki, si kinachokuja tu.

Lakini tazama kilichofuata. Alikuwa na hakika kwamba anaitwa kuishi Yerusalemu maisha yake yote. Akafika huko mwaka 1523, na Wafransisko waliokuwa na mamlaka ya mahali patakatifu wakamwambia aondoke. Alipong'ang'ania, wakamtajia kwamba wanaweza kumtenga na Kanisa. Akaondoka. Akarudi Barcelona, mtu mzima aliyepita miaka thelathini, akakaa kusoma Kilatini pamoja na watoto. Shirika lake lilikuja kukubaliwa na Papa mwaka 1540. Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Kumbe mtu anaweza kuitwa kweli na akakosea anwani. Yerusalemu haikuwa uongo. Bila Yerusalemu asingetoka nyumbani kwao.

Sasa nirudi kwako. Utaambiwa, kwa nia njema, kwamba ukiwa na amani moyoni basi ni Mungu. Hapo nenda polepole. Yona alikuwa anamkimbia Mungu, na wakati mabaharia wanatupa shehena baharini yeye alikuwa chini ya merikebu, amelala fofofo. Bwana wetu alikuwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba kule Gethsemane, na jasho lake likawa kama matone ya damu. Amani ya kukwepa jambo ipo, nayo ina usingizi mzuri sana. Wewe tazama kinachobaki wiki moja baada ya kulala na wazo hilo.

Na uchovu? Uchovu si dhambi, wala haukufuti kwenye orodha ya wanaoitwa. Eliya alichoka mpaka akaomba kufa. Malaika hakumletea wito mpya. Alimletea chakula, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, na mazungumzo na Mungu kule mlima Horebu yalikuja baada ya mwendo wa siku arobaini. Inyasi naye alifundisha kwamba wakati wa giza la moyo mtu asibadili uamuzi aliokuwa ameushika kabla ya giza. Kwa hiyo usimjibu paroko mwezi huu. Mwombe muda. Chukua likizo, ulale, ule vizuri, usali bila kumuuliza Mungu swali hilo kila dakika kama mtu anayechungulia sufuria. Ukipumzika na hamu ya kwenda kwa wagonjwa ikabaki, tutaongea. Ikitoweka pamoja na uchovu, nayo pia ni habari.

Inyasi alitaka anayechagua awe kama ulimi wa mizani, katikati, asiwe ameshaegemea upande. Hapa ndipo nina wasiwasi na wewe. Umeniuliza kama Mungu anakuita uondoke. Hukuniuliza kama anaweza kuwa anakuita ubaki. Ofisini kwako kuna yule mwenzako uliyenieleza kwamba hana mwingine wa kumwambia habari za ndoa yake. Huyo naye ni mgonjwa. Sisemi ubaki. (Nasema, kidogo. Nimekwisha kukuonya.) Ila kama Mungu hana ruhusa ya kukwambia baki, basi hujamfungulia bado.

Tafuta pia mtu ambaye hapati wala hapotezi chochote ukienda au ukibaki. Paroko hafai kwa hilo, na mimi sifai. Yule padre mzee aliyekuungamisha ulipokuwa chuoni anafaa, kama bado ana nguvu za kusikiliza. Mama Teresa wa Kalkuta, akiwa tayari mtawa, alisikia wito wake wa pili, wa kuwatumikia maskini, ndani ya treni tarehe 10 Septemba 1946, na bado aliungoja uchunguzwe na waliokuwa juu yake hadi 1948 ndipo akatoka konventini. Wewe huwezi kungoja wiki sita?

Baba yako sijamwambia. Ukishafikia uamuzi, uwe upi, nipigie mimi kwanza, jioni akiwa hayupo. Atauliza maswali ya pensheni, nami nitahitaji saa moja ya kujiandaa.

Nakuombea kila siku kwa jina lako.

Mama yako