Jibu: Vitunguu vimetoa maua kabla ya kukomaa, nivunje?

Ndugu, umeuliza kama ukivunja maua kitunguu kitaendelea kunenepa. Hapana. Kuvunja kunazuia mbegu tu; bua lenyewe la maua limeshapita katikati ya kitunguu, na shida iko hapo. Lipapase shingoni: gumu, lina uwazi ndani, halilali kama majani mengine. Shingo isipofunga, unyevu huingia na kitunguu huoza stoo kuanzia moyoni. Kwa hiyo vyenye maua ving'oe sasa, uviuze au uvipike mapema, na usivichanganye kabisa na vya kuhifadhi. Wakati wa kukata toa ule moyo mgumu. Kilichobaki hakina neno.

Liki (jamii ya kitunguu, ya shina refu jeupe) ikichanua ina nafuu kidogo. Kata bua likiwa changa (linaliwa), kisha ng'oa, pasua kwa urefu, utoe kiini.

Chanzo mara nyingi ni baridi, nyuzi 10 hivi au chini kwa wiki kadhaa, ikikuta mche umeshafikia unene wa penseli. Ndiyo maana miche iliyochelewa kitaluni hutangulia kuchanua. Hamisha ikiwa na wiki 6 hadi 8. Mbegu za hivyo vilivyowahi usizitunze, utarithisha tabia hiyohiyo.