Kabla Hujaiweka Mechi ya Kombe la Uholanzi Kwenye Mkeka Wako

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, niliweka shilingi elfu tano nikibashiri kwamba Go Ahead Eagles wangeifunga AZ katika fainali ya Kombe la KNVB, yaani kombe la chama cha soka cha Uholanzi. Jioni ile Go Ahead Eagles walilibeba kombe, na mkeka wangu ukachanika vilevile. Kijana wa kibanda cha kubashiria, ambaye huniita mzee kwa heshima na kwa utani kwa pamoja, alinielewesha bila haraka kosa langu lilikuwa wapi, nami naona ni haki nawe ukaelezwa kabla fedha yako haijaondoka.

Katika uwanja wa De Kuip jijini Rotterdam, ambako fainali hii huchezwa kila mwaka, AZ walitangulia kwa penalti ya Troy Parrott katika kipindi cha pili, wakaendelea kuongoza hadi dakika 90 zikakamilika, na mashabiki wao wakawa wameanza kuimba. Katika dakika ya tisa ya muda wa majeruhi, Mats Deijl wa Go Ahead alisawazisha, naye pia kwa penalti. Muda wa ziada haukuzaa bao, wakaenda kwenye mikwaju, na Go Ahead wakashinda 4-2. Sasa tazama hesabu ya mkeka: kwa kawaida dau la nani atashinda hufungwa pale muda wa kawaida na dakika za majeruhi zinapomalizika, na wakati huo ubao ulisoma 1-1. Aliyewapa AZ alilia, mimi niliyewapa Go Ahead nililia, na aliyecheka ni yule aliyeweka sare. Nani atabeba kombe ni dau jingine kabisa, lenye kichwa chake na bei yake (namba inayozidisha dau lako), nami sikuwa nimelitafuta kwa sababu sikujua kwamba lipo. Basi ushauri wangu wa kwanza ni kusoma masharti ya kampuni unayoitumia, hasa pale yanapoeleza muda wa ziada, kwa kuwa katika ligi kosa hili halikugusi, lakini katika mashindano ya mtoano litakugusa tu.

Msimu huohuo wa 2024/25 ulikuwa umeshaniadhibu mara moja. Mwishoni mwa Februari, PSV waliwakaribisha Go Ahead katika nusu fainali mjini Eindhoven. PSV walikuwa mabingwa watetezi wa ligi, na msimu ule waliuchukua ubingwa tena. Katika robo fainali walikuwa wamewatoa Feyenoord. Niliwaweka kama timu ya kukamilishia mkeka, ile tunayoiita ya uhakika, ambayo bei yake ni ndogo kiasi kwamba mtu haifikirii. Go Ahead walishinda 2-1. Nilipotulia niligundua kwamba nilikuwa nimelitazama jina la klabu tu, wala sikujiuliza mechi ile ilikuwa na uzito gani kwa kila upande. PSV walikuwa na mbio za ubingwa na Ligi ya Mabingwa katika majuma yaleyale, ilhali kwa watu wa Deventer, mji wa Go Ahead, nusu fainali ile ilikuwa jambo la kizazi kizima. Klabu yao iliwahi kuwa bingwa wa Uholanzi mara nne, mara ya mwisho mwaka 1933, na kombe hili hawakuwa wamelibeba hata siku moja. Walifika fainali ya mwaka 1965 wakafungwa na Feyenoord. (Wenyeji huiita klabu yao Kowet, ambalo ni Go Ahead lililopita katika ndimi za Deventer, na jina hilo nimelipenda kuliko lile rasmi.) Tena nusu fainali ni mechi moja tu. Hakuna marudiano ya kumpa mkubwa nafasi ya kurekebisha, hivyo jioni moja mbaya humtoa yeyote, kama Ajax walivyotolewa na AZ mwezi Januari.

Jambo ambalo limenichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni klabu za ridhaa. Mtu akisikia kwamba timu ya ridhaa inakutana na timu ya ligi kuu, hudhani ni walimu na wavuvi waliokusanyika Jumamosi kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Ni kweli kwamba ngazi ya tatu ya soka la Uholanzi, iitwayo Tweede Divisie, ni ngazi ya ridhaa, lakini ndani yake wamo wachezaji waliolelewa katika akademia za klabu kubwa na waliowahi kulipwa mshahara wa soka. Quick Boys wa Katwijk, mji wa pwani alikozaliwa Dirk Kuyt na klabu aliyoanzia mpira, waliwatoa Fortuna Sittard na Heerenveen msimu ule, zote mbili za ligi kuu, hadi AZ walipowasimamisha katika robo fainali. Miaka miwili kabla yake, Spakenburg, klabu ya kijiji cha jadi ya uvuvi, ilikwenda kwa FC Utrecht wa ligi kuu ikashinda 4-1, kisha katika nusu fainali ikafungwa na PSV kwa mabao 2-1 tu. Kwa hiyo ukiona timu ya ridhaa imepangwa na timu ya katikati ya ligi kuu, hasa ikiwa nyumbani kwake, usidhani kwamba bei ndogo ya yule mkubwa ni zawadi. Mimi mechi za namna hiyo siziweki tena, si kwa mkubwa wala kwa mdogo.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuwaweka wadogo kila mara. Nilijaribu, na nakuhakikishia kwamba timu nyingi ndogo hutolewa kimyakimya katika raundi za mwanzo bila mtu kuziandika. Tunazozikumbuka ni zile chache zilizofika mbali. Ukiwa ni lazima uweke, weka fedha ambayo ikipotea hutaitafutia maelezo nyumbani, na mechi hiyo iache peke yake badala ya kuifunga pamoja na nyingine kumi.

Kombe lile liliwapa Go Ahead nafasi katika Ligi ya Europa, na mwezi Oktoba 2025 Aston Villa wakasafiri hadi Deventer. Mchana wa siku ile yule kijana wa kibanda alinitumia mkeka wake, na Villa walikuwa mstari wa mwisho, timu ya uhakika. Nilimjibu kwamba siku hiyo nitatazama tu. Go Ahead walishinda 2-1, nami nilikunywa chai yangu hadi mwisho wa mechi bila kuishika simu.