Yungiyungi lisilotoa maua

Dada wa Moshi, unasema yungiyungi lako, ua la majini, lina majani tele ila miezi 8 hujaona ua, na beseni liko chini ya mparachichi. Basi tatizo ni huo mparachichi. Yungiyungi linataka jua kali, walau saa 6 kwa siku. Lihamishe, ila usilihukumu Julai, wingu la mlimani likishatukalia. Udongo uwe mfinyanzi mzito, juu tandaza changarawe. Samadi iliyooza ifukie chini kabisa, kidogo tu. Mimi niliimwaga majini, beseni likawa kijani kama mlenda. Bomba lisilidondokee, linapenda maji yaliyotulia. Majani ya njano kata. Mbu je? Samaki wadogo wawili watatu watamaliza viluwiluwi.