Dawa, pasi na kalikiti: nywele zako zimesokotwaje?

Kichwa cha kwanza nilichosuka kwa malipo kilinitia aibu. Ilikuwa Tanga, barazani kwetu, na mteja alikuwa dada wa mtaa wa pili aliyetaka twisti za nywele zake mwenyewe, bila rasta. Nikasokota harakaharaka, akalipa, akaenda zake. Kabla ya adhuhuri alikuwa amesharudi, nusu ya kichwa imefumuka. Mama mmoja aliyekaa pembeni akisokota kamba ya makumbi alicheka mpaka akaweka kamba chini. "Mwanangu, hivyo havikai. Kila kishungi kisokote kulia, kisha uvizungushe viwili pamoja kwenda kushoto. Vitakabana vyenyewe."

Nikarudia kichwa kizima bure. Twisti zilikaa wiki mbili.

Miaka ikapita, nikaenda kusoma biokemia. Siku moja mhadhiri akachora ubaoni umbo la keratini, protini inayojenga nywele, nami nikacheka peke yangu kama mwehu. Ilikuwa ni twisti ileile. Mnyororo wa amino asidi, vipande vidogo vinavyojenga protini, unajikunja kama springi kuelekea kulia, halafu springi mbili zinazungukana kuelekea kushoto. Makumbi ni nyuzi za mmea, si protini, lakini hesabu ya msokoto haibadiliki: ukisokota huku na kuzungusha kule, kila upande unauzuia mwenzake kufumuka.

Kilichonishangaza ni kwamba huku hakuna msusi. Springi zinasokotana zenyewe kwa kukimbia maji. Katika mnyororo ule amino asidi hupangika saba saba, na katika kila saba, ya kwanza na ya nne kwa kawaida ni za aina isiyopatana na maji, kama mafuta. Mzunguko mmoja wa springi unachukua amino asidi 3.6. Kwa hiyo saba zinakaribia kumaliza mizunguko miwili, ila zinapungukiwa nyuzi 20 za duara. Upungufu huo mdogo ndio wenye mambo. Ule mstari wa mafuta haushuki wima ubavuni mwa springi, unakwenda mshazari na kuizunguka polepole. Springi mbili zikitaka kuficha mistari yao ya mafuta, kila mmoja aufunike wa mwenzake, hazina njia ila kuegemeana na kuzungukana.

Jambo hili liliwasumbua wakubwa wa sayansi. Katika miaka ya 1930 William Astbury, kule Leeds, Uingereza, alipitisha eksirei kwenye sufi na nywele akaona alama inayojirudia kila angstromu 5.1 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Linus Pauling na wenzake walipotangaza umbo la springi mwaka 1951, urefu wa mzunguko wake mmoja ulitoka 5.4. Tofauti ya 0.3 ni ndogo kuliko kitu chochote utakachowahi kushika, lakini ilikataa kuondoka. Francis Crick ndiye aliyeeleza, mwaka 1952 na 1953, kwamba springi zikiinama kidogo ili kuzungukana, ile 5.4 itasomeka 5.1, na vinundu vya mmoja vitaingia kwenye vishimo vya mwenzake. Pauling naye alifikia wazo la karibu na hilo wakati uleule.

Na hazisokotani ovyo. Keratini zina koo mbili, moja ya asidi na moja ya besi, yaani kinyume cha asidi, na msokoto ulio imara huchukua mmoja kutoka kila ukoo. Anayekosa mwenza hadumu, seli humvunja.

Sasa tuje kichwani kwako, maana najua hukuja hapa kutafuta angstromu.

Kinachoshikilia umbo la unywele si kitu kimoja. Kuna vifungo vya haidrojeni, vingi sana lakini dhaifu, ambavyo maji yanavifungua na ukavu unavirudisha. Ndiyo maana ukinyoosha nywele kwa draya zinakaa vizuri mpaka upate jasho, au mpaka ushuke Tanga mwezi wa nne. Huo si uharibifu, nywele zimerudi kwao tu. Ukibana mabutu usiku nywele zikiwa na unyevu na ukazifungua zimekauka, umetumia vifungo hivyohivyo bila kulipa shilingi.

Pasi ni habari nyingine. Unywele mkavu unaweza kuvumilia joto la nyuzi zaidi ya 200 kabla ile misokoto haijaanza kuachia, lakini ukiwa na maji ndani yake, msokoto unalegea kwenye joto la chini zaidi, karibu nyuzi 150. Halafu maji yenyewe yanageuka mvuke na kupasua unywele kutokea ndani. Ukisikia "chssss" pasi inapopita, acha. Mimi wateja wangu hukauka kabisa kwanza, na pasi siipandishi juu ya nyuzi 180, hata mteja akininunia.

Kifungo kigumu kuliko vyote ni cha salfa. Hicho ndicho unachokinusa nywele zikiungua. Misokoto ya keratini imelazwa ndani ya protini nyingine zenye salfa nyingi, kama nondo ndani ya zege, na vifungo vya salfa ndivyo vinavyoshikanisha vyote. Hapo ndipo dawa inapoingia, na hapo ndipo nilipoungulia.

Nilikuwa na nywele za dawa kwa miaka mitatu. Nikachoka kuretachi, nikataka kalikiti. Saluni niliyokwenda haikuniuliza kitu, nami sikusema, nikidhani zote ni dawa tu. Siku ya nne nilipochana, nywele zilibaki kwenye chanuo. Hazikung'oka, zilikatika katikati, laini kama tambi zilizolala majini.

Kumbe ni kemia mbili zisizojuana. Dawa ya kunyoosha yenye kostiki ni alkali kali mno, pH 12 na zaidi (kwenye kipimo hicho maji safi ni 7), na kwenye kila kifungo inachokigusa inanyofoa salfa moja kati ya mbili. Kinachobaki ni kifungo kipya ambacho hakifunguki tena. Zile zinazoitwa hazina kostiki hutumia alkali nyingine, lakini mwisho ni uleule. Kalikiti yenyewe hufanya kazi kwa kufungua vifungo vya salfa, nywele zikaviringwa kwenye rola, kisha dawa ya pili ikavifunga upya katika umbo jipya. Kwenye nywele zangu havikuwepo vya kutosha kufungwa. Kemikali ikabomoa vichache vilivyosalia, na rola hazikuwa na cha kushikilia.

Kwa hiyo mwambie msusi wako ulichowahi kupaka, hata kama ni mwaka jana, hata kama unaona haya. Na msusi asiyeuliza, anti, beba mkoba wako utoke.

Kuhusu shampuu na mafuta "yenye keratini": vipande vya keratini vilivyomo huganda juu ya unywele na kuulainisha mpaka uoshe. Haviingii ndani vikajisokota upya na wenzao. Nunua kama unapenda ulaini, usinunue kwa ajili ya kutengeneza kilichokatika. Zile "treatment" za keratini za saluni, zenye moshi unaochoma macho, ni za kuogopa hasa. Kinachonyoosha mara nyingi ni fomaldehaidi, ambayo ikichanganywa na maji ndiyo fomalini ya mochwari. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayeivuta kila siku ni msusi, si wewe uliyekaa saa mbili.

Kipimo ninachokitumia sasa hakina gharama. Lowesha unywele mmoja, ushike ncha mbili, uvute taratibu. Unywele mzima uliolowa hurefuka hadi karibu 30% na ukiuachia unarudi: ile misokoto inalegea kisha inajikunja tena. Ukirefuka kama mpira uliochakaa bila kurudi, au ukikatika papo hapo, kichwa hicho hakipakwi dawa.

Juzi alikuja binti ana harusi Jumamosi, anataka nywele zinyooke kama mvua. Nikampa unywele wake mwenyewe auvute mbele ya kioo. Ulikatika hata haujanyooka. Akautazama, akanitazama, akavuta stuli.

"Haya dada, nisuke."