Seli zikinyamaza usikimbilie kuandika "zimezoea"

Wadogo zangu mnaoanza maabara ya seli za ubongo, nawaandikia hili kwa sababu lilinila miezi karibu mitano na sitaki limkute mwingine.

Kwanza tuelewane. Unachukua maikroglia, ambazo ndo walinzi wa ubongo, unaziwekea LPS, ile sumu inayokaa kwenye ganda la nje la bakteria kama E. coli. Seli inaidaka kwa kipokezi cha TLR4, huko ndani ishara inakimbia mpaka NF-kB, protini inayowasha jeni za uvimbe, inaingia kwenye kiini, na baada ya masaa machache ukipima midia, yale maji ya virutubisho ya kukuzia seli, unakuta TNF na IL-6, protini za kuchochea uvimbe, zimejaa. Sasa osha, kaa mpaka kesho, weka tena dozi ileile. TNF inashuka vibaya mno. Hapo ndo tunasema zimezoea, na zisikudanganye ukadhani zimechoka, maana seli iko kazini inajifungia breki: kuna protini ya IRAK-M inaibana ile ishara mapema, kuna protini nyingine ya breki ya A20, na jeni za uvimbe zinafungwa pale kwenye DNA zisisomeke kirahisi. Jambo lenyewe ni la zamani, miaka ya 1940 Paul Beeson alikuwa anachoma sungura chanjo ya taifodi siku baada ya siku na homa yao ikawa inapungua tu.

Sasa yangu. Nilikuza maikroglia za panya wachanga wiki mbili, nikaziwekea LPS dozi ya kwanza, TNF kiduchu. Nikaongeza dozi, bado kiduchu. Nikabadilisha seti ya ELISA, kile kipimo cha kuhesabu TNF, nikabadilisha LPS yenyewe, nikaanza kulala vibaya. Dada mmoja wa benchi la jirani akaniuliza swali moja tu, maji ya kuchanganyia midia umeyatoa wapi? Nikamjibu kwa kujiamini, nimeyapitisha mwenyewe kwenye autoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Akachukua tone akapima kwa LAL, kipimo cha endotoksini, yaani hiyohiyo LPS, na yale maji yalikuwa yamejaa! Jamani, autoklevu ya nyuzi 121 inaua bakteria lakini LPS yao inabaki, vyombo vya glasi vinataka joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30, na maji nunua yale yaliyopimwa kabisa kwamba hayana endotoksini. Kwa hiyo seli zangu zilishapata dozi ya kwanza siku nyingi, wiki mbili nzima zinakunywa sumu kidogokidogo, mimi nazisubiri zishtuke wakati zilishazoea zamani.

Ndo maana nasema, ukiona ukimya uliza kwanza kama ziko hai, fanya MTT, kipimo cha seli hai, au rangi ya seli zilizokufa, maana seli iliyokufa nayo haitoi TNF. Halafu usipime TNF peke yake. Seli iliyozoea haizimi kila kitu, kwenye makrofeji, walinzi wenzao wa sehemu nyingine za mwili, ilishaonyeshwa mwaka 2007 kwamba jeni za uvimbe zinafungwa ila zile za kupambana na vijidudu zinaendelea kuwaka, hata zaidi ya mwanzo. Pima na IL-10 pia, ile protini ya kutuliza uvimbe.

Kwa wale wa astrosaiti, seli za ubongo zinazohudumia niuroni, angalieni usafi. Maikroglia chache tu zikibaki chini ya flaski zinaweza kutoa TNF yote halafu wewe unaandika kwamba ni astrosaiti, kwa hiyo paka rangi ya Iba1, alama ya maikroglia, uzihesabu kwa macho yako kabla hujaweka chochote. Niuroni, zile seli zinazopeleka ishara za ubongo, hivyohivyo, ukizikuza pamoja na glia, yaani maikroglia na astrosaiti, hujui nani kaongea.

Dozi nayo usiichukulie poa. Kuna kazi ya Tübingen, Ujerumani, ya 2018, panya walichomwa LPS tumboni, waliopata mara moja maikroglia zao zikawa kali zaidi, waliopata siku nne mfululizo zikawa zimezoea, na alama zake zilikuwepo hata miezi sita baadaye. Sumu moja, majibu mawili yanayopingana! Kwa hiyo kwenye daftari andika dozi ngapi, nanogramu ngapi, masaa mangapi kati yake, na umeosha mara ngapi.

Na LPS inang'ang'ania plastiki, kwa hiyo kabla ya kuvuta na pipeti itikise kwa nguvu kwenye voteksi, igawe kwenye vichupa vidogo, na ile chupa ya maji iandike tarehe uliyoifungua.