Jibu: Alama zimepanda, je, ni kazi ya klabu?
Mwalimu, umeuliza kama alama kupanda kwa watoto wa klabu yako ya jioni ni ushahidi tosha. Bado. Wanaobaki baada ya masomo mara nyingi ndio wenye bidii tangu mwanzo. Waombaji wakizidi nafasi, chagueni kwa bahati nasibu, kisha wapimeni wote, waliopata na waliokosa, kwa jaribio lilelile mwanzoni na mwishoni mwa mwaka. Tabia nayo ihesabiwe: utoro, ugomvi, adhabu. Marekani walifanya hivyo kwa vituo vya baada ya masomo katika shule za msingi, vinavyofadhiliwa na serikali kuu. Ripoti ya 2005 ilionyesha watoto walijisikia salama zaidi jioni, ila alama za kusoma hazikupanda, na waliopata nafasi walisimamishwa masomo zaidi kuliko wenzao waliokosa (hilo lilinishangaza hata mimi). Na tafadhali, wasimamizi wa klabu wasisahihishe majaribio.